Mkwe Katika Benzi Lisilo na Kelele

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya thelathini na tatu bila Theodora. Nimekula ugali wa jana. Umegoma kukatika kwa mkono, nimetumia kisu.

Nieleze vizuri, maana hapa hakuna anayenisikiliza zaidi yangu. Sikumfukuza mke wangu. Nilichofanya ni kuuza cherehani lake ili Benzi langu lipate rangi mpya. Nilikusudia kumwambia. Akawahi kurudi kutoka jumuiya, akakuta alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, na nje gari linang'aa. Hakugomba. Alifungasha nguo chache, akapanda treni kwenda kwao Kaliua. Heri angegomba.

Leo amepiga simu. Moyo uliruka! Kumbe ni taarifa tu. Jumamosi mama yake anakuja Tabora kwenye jubilei ya mdogo wake, Sista, anayetimiza miaka ishirini na tano ya nadhiri. Theodora atamsindikiza. Mama akiona mambo ya mkwe wake yamekaa sawa, atamwacha Theodora abaki. Yasipokaa sawa, watarudi wote wawili. Nikasema nitawafuata mwenyewe kwa Benzi. Akasema mama amepanga kupanda gari la Raymundi.

Raymundi! Huyu ni mwanyumba wangu, yaani yeye kamuoa Consolatha na mimi nikamuoa Theodora mdogo wake. Ananunua mahindi kule Kaliua, ana gari dogo la Kijapani, na hajawahi kuuza cherehani la mtu. Sifa zake zinaishia hapo.

Kosa la Benzi ni la Pasaka. Siku ile nilimleta mama mkwe Tabora. Njia nzima gari lilinguruma kama mashine ya kusaga, na kila kishimo cha barabarani kilimfikia mgongoni. Alishuka ameshika kiuno. Kwa kuwa mkwe na mkwe hatutazamani wala hatuzungumzi uso kwa uso, alimtuma Theodora aniambie kwamba Mjerumani ametengeneza gari zuri, ila amesahau kwamba watu wana migongo.

Nimekaa, nimefikiri. Tatizo si Benzi. Ni matairi! Ni yaleyale yaliyotoka nalo kiwandani. Daktari aliyeniuzia alikuwa akilifungia bandani, analitoa Krismasi kwenda kanisani na kurudi. Magumu kama gogo la mninga. Nikiweka laini, yasiyo na kelele, mama mkwe atasinzia toka Kaliua hadi Tabora. Mkwe aliyesinzia hana lawama. Theodora atabaki.

Mpango mzima umekamilika kabla ya saa nne asubuhi. Na bado kuna watu wanasema dalali hafanyi kazi.

Jumanne, 15 Julai

Mtaa wa Ng'ambo, kwa Nurdini fundi matairi.

Nurdini ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Ni mtani wangu. Mababu zetu walijuana kwenye njia ya misafara, wangu wakiteremka pwani na pembe mabegani, wake wakiwacheka miguu ilivyojaa vumbi. Hadi leo ananiita mpagazi mbele ya wateja, nami sina ruhusa ya kununa. Tulipomzika baba yangu aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Alipewa. Ndiyo mila. Kwa hiyo neno la Nurdini silimezi hivihivi. Naligeuza kwanza mara tatu.

Alizunguka gari, akapiga magoti, akayapigapiga matairi. Akasema nisiyatoe. Eti haya yana kuta nene, hata yakiisha upepo gari linatembea, kutoka hapa hadi Ndono bila wasiwasi. Eti ndiyo maana gari lenyewe halikuletwa na spea.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tairi linalotembea bila upepo! Kesho ataniambia kuna sufuria inayoivisha bila moto. Akaapa kwa jina la Mungu. Nikamkumbusha kwamba hata kaburini aliapa amekufa. Akanitazama kwa uso mkavu kabisa.

"Mpagazi, leo sikutanii."

Ndivyo anavyoanza kila siku.

Nilishamjua. Anataka niyatelekeze kwake, ayauze. Nikamwamuru ayatoe. Mwaka jana nilimtafutia fremu hii anayofanyia kazi na hakunipa udalali wangu, basi leo tumemalizana kwa matairi manne laini. Aliyafunga akitikisa kichwa. Yale ya kiwandani nikayapakia mwenyewe, mawili kwenye buti na mawili kiti cha nyuma, asije akayachukua kwa kisingizio cha utani.

Jumatano, 16 Julai

Ajabu! Nimeendesha kutoka Ng'ambo hadi stesheni na kurudi. Gari halisemi kitu. Linateleza. Nimesikia saa yangu ya mkononi. Nimesikia tumbo langu likiuliza habari za chakula. Nimempita Mayala muuza karanga, nikamsikia akimwambia mteja, huyu ndiye aliyekimbiwa na mke. Zamani nisingesikia. Starehe ina mambo yake.

Mchana nikamwona Raymundi mjini, amefuata magunia. Hapo ndipo akili iliponijia kama mvua ya Novemba. Matairi yake yameisha meno. Saizi ni ileile ya Benzi! Nikamwita mwanyumba kwa sauti ya upendo. Nikamwambia nina matairi manne imara, ya Ulaya, nimeona nisimsahau ndugu yangu.

Maana yake? Mama mkwe akikaa kwenye gari la Raymundi hata kwa dakika kumi, mgongo utampa habari. Kuanzia hapo hatamtaja tena Raymundi mbele yangu.

Raymundi alinikumbatia, akayafungisha mchana uleule. Alisema wengine wananisema vibaya, lakini yeye ameona moyo wangu. Nilisikia aibu. Ikapita.

Ijumaa, 18 Julai

Ushindi! Theodora amepiga. Nilimweleza habari za matairi kwa urefu, naye akamweleza mama, na mama amekubali kulijaribu Benzi mara moja tu. Raymundi atabeba Consolatha na kuku wa zawadi. Kila mtu na hadhi yake.

Maandalizi. Nimeosha gari mara mbili. Nimetundika kanga mbili kati ya viti vya mbele na vya nyuma, ili mama mkwe akae na heshima yake na mimi nikae na yangu. Kioo cha katikati nimekigeuza kikatazama juu. Nimemnunulia ndoo ya asali, ile ya msitu wa Usinge. Nilikuwa nawaza itakaa wapi isimwagike, nikafunua zulia la buti. Kumbe Wajerumani wameacha shimo zuri chini, pana kidogo, kina kidogo! Ndoo imekaa humo kama imepimwa. Watu wanaofikiri, wale.

Nimepiga pasi shati. Nimelichoma kidogo kwenye kwapa. Nikibana mkono halionekani.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimekaa jikoni peke yangu. Nitaandika kwa mpangilio, ingawa siku yenyewe haikuwa na mpangilio.

Saa mbili asubuhi niko Kaliua. Nikageuka nikatazama uzio wa jirani mpaka mama mkwe, Mama Eustadia, alipoingia na mlango ukafungwa. Theodora akakaa naye nyuma. Alinisalimia vizuri. Amepungua kidogo, au ni gauni. Nilitaka kusema kitu kizuri, nikasema matairi yana upepo wa kutosha.

Tukaondoka. Kimya kitamu! Baada ya kilomita chache nikamsikia mama mkwe akimwuliza binti yake kama gari limeshaanza kutembea. Nilikaribia kupiga vigelegele.

Sasa sikiliza. Pasaka gari lilipokuwa likinguruma, wao wawili nyuma ya pazia walizungumza njia nzima na mimi sikuambulia hata neno. Leo wakazungumza vilevile, kwa sauti ileile, wakijua mimi mbele ni kama sipo. Na kimya kile! Kila neno lilinifikia sikioni kama nimepakuliwa kwenye sahani. Kwa Kinyamwezi, lugha niliyonyonyea.

Mama mkwe alianza na shati langu. Ameiona ile sehemu iliyoungua. Akaja kwenye udalali wangu. Akasema mimi ni kama kuku anayefukua uwanja mzima kutafuta punje aliyoikalia. Nikavumilia. Miaka kumi na tisa mkwe hajanisema mbele yangu, akiba lazima iwe kubwa. Halafu akamuuliza Theodora, mwanangu, hivi kweli cherehani tu ndilo limekutoa kwa mumeo?

Nikasikia Theodora anavuta pumzi.

"Mama, sikuondoka kwa ajili ya cherehani. Niliondoka kwa sababu hakuniuliza. Angeniuliza, ningempa."

Angenipa! Siku thelathini na nane nimekula ugali wa kukata kwa kisu kwa sababu ya neno moja ambalo sikulisema. Macho yalijaa machozi. Hayo siyaandiki kwa kujisifu. Na kabla sijajizuia mdomo ukafunguka wenyewe, nikafunua pazia, nikageuka mzimamzima na kusema, kweli ungenipa?

Nikakutana uso kwa uso na mama mkwe. Miaka kumi na tisa sijamwona usoni. Ana kishimo shavuni, kama cha Theodora. Alijifunika kanga kichwa kizima. Theodora akaniambia nitazame barabara.

Nilikuwa nimechelewa kuitazama. Kulikuwa na ubao, nadhani umedondoka kwenye lori la mbao, na misumari yake imeelekea mbinguni. Tairi la mbele likapiga paa! Gari likainama upande kama mtu aliyesikia msiba.

Tulikuwa tumeshaipita Urambo. Nikashuka kwa kujiamini. Nikafungua buti kutafuta spea. Nikafunua zulia. Ndoo ya asali ikanitazama. Nikaitoa, nikachungulia shimoni. Hakuna spea. Hakuna jeki. Hakuna hata spana. Ndipo nilipouona uso wa Nurdini akiapa.

Nilimpigia. Alicheka, akakata simu. Nikampigia tena. Akasema anakuja na pikipiki, na vifaa, na niandae zawadi ya mtani.

Mama mkwe alikaa chini ya kivuli cha gari, kanipa mgongo, rozari mkononi. Mimi nilikaa upande wa pili, nimempa mgongo. Theodora katikati, akienda huku na huku na ujumbe. Mama anauliza ni muda gani. Mwambie si muda. Mama anasema Misa ni saa tano. Mwambie najua. Mama anasema asante kwa kujua.

Baada ya saa nzima nikaona gari la Raymundi kwa mbali. Nikakumbuka kwamba ule ubao uko palepale barabarani, sijautoa. Ningeweza kukimbia kumpungia. Nilisimama. Naandika ukweli: nilisimama. Nikasikia paa! Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwamba sasa tumekuwa wawili.

Raymundi akaja hadi tulipo, akasimama, akashuka anacheka, anauliza kulikoni. Tairi lake la mbele lilikuwa limelala kidogo, upepo umeisha, na yeye hana habari. Consolatha anatundika kanga ili mama apite kwenda kukaa nyuma pamoja na kuku. Mimi nimebana mdomo. Nikajisemea, waende. Mita mia mbili tu watakwama, nami nitafika kwa miguu, taratibu, mikono nyuma.

Theodora aliniangalia. Aliuliza kama nabaki. Nikasema nabaki na gari. Akapanda kwa Raymundi.

Wakaondoka. Nikangoja wakwame. Wakapita kwenye mti wa kwanza. Wakapita daraja. Wakapanda kilima. Nikapanda juu ya jiwe nione vizuri. Wakawa kidoti, kidoti kikaisha.

Nurdini alifika saa sita akiimba. Hakunikumbusha aliyosema Jumanne. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kunikumbusha. Aliziba pancha, akajaza upepo, kisha akainyanyua ndoo ya asali akaifunga kwenye pikipiki yake. Nikasema hiyo ni ya mkwe. Akasema mpagazi hana mzigo wake, mzigo daima ni wa mtu mwingine. Kumkatalia mtani ni kutafuta mkosi. Akaondoka nayo.

Nilifika kwa masista saa nane. Misa imekwisha, pilau limekwisha, wanakunja viti. Gari la Raymundi limepaki langoni, tairi la mbele halina hata tone la upepo, na wazee watatu wanalizunguka wakistaajabu uimara wake. Raymundi aliwaambia amepewa na mwanyumba wake. Akaninyooshea kidole. Wazee wakanipigia makofi.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya Misa nilikwenda kwa masista, walikolala, kusikiliza hukumu yangu. Mama mkwe alikaa chumbani, mimi barazani, mlango wazi nusu, Theodora kizingitini.

Kwanza habari za mgongo. Mama mkwe anasema gari la Raymundi lina matairi ya baraka. Lilimtikisa vizuri toka Urambo, likamkanda kila pingili, na jana alilala bila dawa. Na ngurumo yake inamfaa mtu anayetaka kusali rozari bila kusikilizwa. Benzi, anasema, ni gari la polisi. Linasikia mambo ya watu.

Nilinywea. Kila kitu alichokisifu kilikuwa changu mpaka Jumatano.

Kisha habari za Theodora. Leo anarudi Kaliua na mama yake. Nilitazama viatu vyangu. Mama akaongeza kitu kwa Kinyamwezi, polepole. Alisema jana alimwona mkwe wake ana machozi, na machozi yale hayakuwa ya matairi. Kwa hiyo Theodora akakusanye vitu vyake, na Jumamosi ijayo, akitaka mwenyewe, nikamchukue.

Theodora alinisindikiza hadi kwenye gari. Alipitisha kidole kwenye ile rangi mpya. Nikamuuliza, je, anataka? Akasema anataka.

"Ila Baba Yustina, kitu chochote cha mle nyumbani, uniulize kwanza. Hilo tu."

Nimeapa. Nimeapa kwa jina la baba yangu, na la binti yetu Yustina aliyeko bweni, na la kila aliyekuwa karibu. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Nimefagia nyumba nzima nikiimba. Nimelia kidogo tena, jikoni, kwa sababu ya moshi na mambo mengine.

Jumatano, 23 Julai

Siku tatu zimebaki. Nimebadilika kabisa. Hata Mayala ameona.

Jambo moja dogo. Sasa matairi hayana kelele, nimegundua milango inapiga mluzi. Mluzi mwembamba, upande wa abiria, palepale atakapokaa Theodora. Zamani ngurumo iliufunika. Siwezi kumleta mke wangu nyumbani kwa mluzi. Mtu amekubali kurudi, umpigie mluzi sikioni toka Kaliua hadi Tabora? Sina roho hiyo.

Bahati imeniangukia! Kuna bwana mmoja, Sabiri, anauza vyombo vya magari. Ana mipira mipya ya milango na zulia zito la chini, linalomeza kila sauti. Nilimwuliza Nurdini kama ni vitu vizuri. Alisema ni vizuri, ila kwanza nimpigie mke wangu. Nikacheka. Mtani ni mtani.

Sabiri hataki fedha. Anamwozesha binti yake, anatafuta kabati la mninga. Kabati! Tunalo chumbani, lile ambalo Mama Eustadia alimpa Theodora siku ya harusi. Kubwa mno, linaziba dirisha. Theodora mwenyewe aliwahi kusema linaziba dirisha. Huo ni ushahidi.

Wamekuja wanne kulibeba saa tisa. Kanga zake nimezipanga vizuri kwenye mifuko ya sandarusi, kwa rangi. Chumba kimepata mwanga. Ataingia, atashangaa.

Ahadi ni ahadi, nami sijaisahau. Nilishika simu nimpigie, nikaona hapana, jambo la heshima kama hili haliulizwi kwenye simu inayokatikakatika. Mipira imeshafungwa, zulia limetandikwa, na mluzi umekwisha kabisa. Nitamwuliza Jumamosi, njiani, ndani ya gari. Kwa kimya kile, atanisikia vizuri sana.